SOMO LA KEMIA: SAUTI ISIYOSIKIKA NA MWENDO WA IONI

Tukipima shaba katika maji kwa njia ya umeme, mbona mkondo unaanza na nguvu, kisha unashuka pole pole, na batiri ni ile ile?

Shida si batiri, ni njia. Elektrodi inakula mbio zile ioni zilizo karibu. Za mbali zinakawia, kama sisi mbele ya jiko: wa kwanza amekwisha kula, wa nyuma angali kwenye matope. Basi kando ya elektrodi linabaki tabaka la maji lenye ioni chache. Nernst, mtaalamu wa Ujerumani, alilieleza mwaka 1904. Unene wake tukiuita d, tunaandika:

I = nFADc / d

n ni hesabu ya elektroni kwa kila ioni, F ni kulombi 96 500 kwa moli, A ni eneo la elektrodi, D ni wepesi wa ioni kusambaa, c ni wingi wa ioni. Tazameni vizuri: d iko chini. Ikipungua, I inapanda.

Tufanye hesabu. Shaba moli 0,001 katika litri moja, pamoja na asidi nyingi ya kubeba umeme; A ni cm² 1, D ni m² 7 × 10⁻¹⁰ kwa sekunde. Kama d ni mm 0,2, tunapata mA 0,07 hivi. Kama d ni mm 0,005, tunapata mA 2,7. Karibu mara 40, na shaba haikuongezeka hata kidogo!

Ultrasoni ndiyo inaweza kupunguza d namna hiyo. Ncha ya chuma inatetemeka mara 20 000 kwa sekunde, mbele ya elektrodi. Inasukuma maji kama mto. Tena inazaa mapovu madogo, na yale yanayopasuka karibu na elektrodi yanarusha maji juu yake kama sindano. Moriguchi alichunguza mambo haya Japani mwaka 1934.

Lakini muangalie. Ultrasoni inapasha maji moto, na D inapanda pamoja na joto. Ncha ikisogezwa, d inageuka. Watu wawili wasiolinda joto na umbali watapata namba mbili kwa maji ya kisima kimoja, na mmoja atasema yanafaa kunywewa.

Faida nyingine: mapovu yanasugua elektrodi. Mwaka 1999 wataalamu wa Uingereza walipima hivyo shaba ndani ya bia (tunaitaja kwa ajili ya kemia tu), ambayo uchafu wake hugandamana na elektrodi na kuziba njia.