Frateri, Niandikie Barua



Nianze na kisa kilichonitoa jasho. Katika mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa parokia moja upande wa Geita, na kazi mojawapo niliyokabidhiwa ofisini ilikuwa kuandaa barua. Barua za utambulisho, za kuomba cheti cha ubatizo kutoka parokia nyingine, na zaidi ya zote, barua za vijana wanaoomba kazi. Kila wiki walikuja. Mtu anashuka kwenye bodaboda, bahasha ya kaki mkononi, shati limenyooshwa: "Tumsifu Yesu Kristo, Frateri. Naomba uniandikie barua, wanataka mdhamini mmoja awe kiongozi wa dini."

Siku hiyo alikuja kijana aliyemaliza kozi ya kuchomelea. Nafasi ilikuwa kwa mkandarasi anayefanya kazi mgodini, na mwisho wa kupokea maombi ni kesho yake. Nikamwonea huruma. Nikafungua kompyuta, nikachukua barua ya mtu mwingine, nikabadilisha jina: kijana mwaminifu, mwadilifu, mchapakazi, anayeshirikiana vizuri na wenzake. Dakika tatu nimemaliza. Nikampelekea Paroko asaini.

Paroko akasoma, akavua miwani.

"Unamfahamu huyu?"

"Ndiyo Padre, ni wa kigango chetu cha barabarani, mama yake yuko WAWATA..."

"Sijakuuliza mama yake. Amewahi kushika hela ya watu? Umewahi kumpa kazi akaimaliza? Akikosea, huwa anasema au anaficha?"

Nikanyamaza.

"Basi hii siyo barua, Frateri. Hii ni litania."

Barua iliyotoka ilikuwa na mistari miwili: amebatizwa, na ni muumini wa parokia yetu. Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma palepale mlangoni, nikaona uso unavyoshuka. Akashukuru, akaondoka. Nilikosa raha wiki nzima, kwa sababu Paroko alikuwa sahihi, na kijana naye hakuwa na kosa. Miaka minne amesali nasi kila Jumapili, na hatukuwahi kumpa hata ufunguo wa stoo. Tungemjuaje?

Kirefu cha VIWAWA

Wengi wetu tumo VIWAWA bila kukumbuka kirefu chake: Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Siyo Vijana Wakatoliki Waimbaji. (Wanakwaya msinichukie, nami naimba besi.) Mizizi yetu iko kwa Joseph Cardijn, padre Mbelgiji aliyezaliwa 1882 katika familia ya wafanyakazi. Yeye alikwenda seminari, wenzake wa mtaani wakaenda viwandani. Aliporudi likizo akakuta wamekuwa wageni kwake. Kiwanda kilikuwa kimewabadilisha, na Kanisa wakaliona si lao tena. Mwaka 1903 baba yake alipokuwa anakata roho, Cardijn aliapa kuyatoa maisha yake kwa ajili ya vijana wafanyakazi. Mwaka 1925 chama chake kikasimama rasmi, na njia yake ya Ona, Amua, Tenda ndiyo hii tunayoitumia hadi leo kwenye semina zetu. Papa Yohane XXIII aliitaja na kuisifu katika waraka wake wa kijamii wa mwaka 1961, Mater et Magistra.

Cardijn alikuwa na mazoea ya kusema kwamba kijana mfanyakazi mmoja anazidi thamani dhahabu yote ya dunia. Sidhani kama aliwahi kufika Nyarugusu au Mgusu, lakini kwetu sisi tunaolala juu ya dhahabu yenyewe, maneno hayo yana uzito wake.

Basi tuone. Huku kwetu, neno "kazi" likitajwa, akili ya kijana inakimbilia mgodi mkubwa. Si ajabu. Mwadui wanachimba almasi tangu 1940, mgodi wa Geita unazalisha tangu 2000, Bulyanhulu upo. Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi kuwapa Watanzania kipaumbele katika ajira na manunuzi. Yote hayo ni mazuri. Lakini mgodi nao una siku yake ya mwisho. Buzwagi, pale Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafungwa. Miaka kumi na miwili tu. Mtoto aliyezaliwa siku mgodi unafunguliwa alikuwa hajamaliza darasa la saba. Waliokuwa wakifanya kazi pale walitoka na kitu kimoja ambacho hakingeweza kubaki getini: kile walichojua kukifanya kwa mikono yao, na jina walilojijengea kwa waliofanya nao kazi.

Halafu tazama upande wa pili. Ukipita Katoro au Kahama asubuhi, utaona ajira nyingi ambazo hazitangazwi gazetini: kwenye makarasha, kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, gereji, maduka ya vipuri, mama lishe, wasafirishaji wa mawe, stoo za mchele. Huko hakuna anayekuuliza sivii. Bosi anamuuliza jirani yake, "Una kijana wa kuaminika?" Yaani mdhamini anaulizwa kabla wewe hujajua kama nafasi ipo.

Na hapa nitaje jambo linaloniuma. Yule kijana wa kuchomelea alikuja kuniambia baadaye kwamba miezi michache kabla ya kuja ofisini alikuwa amempa mtu shilingi laki tatu. Mtu huyo alijiita "mtu wa ndani", akaahidi kumwingiza kazini. Laki tatu hizo zilitoka kwenye ndama aliyeuzwa na mama yake. Simu ya mtu wa ndani haipatikani hadi leo. Kijana mwenzangu, anayekuuzia ajira ama ni tapeli, ama ni mla rushwa. Wa kwanza atakula hela yako, wa pili atakuanzishia kazi kwa dhambi, na atakushika kwa hiyo dhambi kila anapokuhitaji. TAKUKURU wapo. Waambie.

Watu saba wa stoo

Sasa tuamue kwa mwanga wa Neno. Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 6. Jumuiya ya kwanza ina manung'uniko: wajane wa upande mmoja wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wanahitaji watu saba wa kusimamia mgawo. Kwa lugha ya leo ni kazi ya stoo na meza. Na vigezo vyao ni vitatu: wajae Roho, wawe na hekima, na wawe wameshuhudiwa wema wao na watu. Angalia hicho cha mwisho. Mitume hawakuomba mtu ajieleze mwenyewe kwamba ni mwaminifu. Waliigeukia jumuiya: ninyi mnaokaa nao, tuambieni ni akina nani. Jumuiya ikataja majina saba, Stefano akiwa wa kwanza.

Ndiyo maana nasema Paroko alikuwa sahihi. Barua nzuri haiandikwi na Frateri. Wewe mwenyewe ndiye unayeiandika, miezi na miaka kabla ya kuiomba.

Hapa mnivumilie kidogo, nimesoma falsafa na lazima itoke mahali. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu. Huwezi kusubiri uajiriwe ndipo uanze kuwahi. Kuwahi ni kama kuchomelea: mkono unajifunza kwa kurudia. Wazee wetu Wasukuma walilijua hili bila Aristotle. Katika bugobogobo, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja wa ngoma. Anayetaka kuonekana peke yake anaharibu mstari mzima. Hiyo ndiyo "kushirikiana na wenzake" tunayoiandika kwenye barua bila kuifikiria.

Katika vyote ambavyo mwajiri anavitafuta, mimi naweka mbele kimoja: uwezo wa kusema "nimekosea" mapema. Kwenye kazi za huku, kosa lililofichwa linaua. Mchomeleaji anayeona ufa kwenye kiungo akauziba kwa rangi, anamtega mwenzake wa zamu ya usiku. Aliyekunywa usiku kucha akaja asubuhi kujaribu bahati na kipimo cha pombe getini, anacheza na uhai wa aliye nyuma ya mtambo wake. Na kwenye duara la mchimbaji mdogo, ambako hakuna kipimo wala geti, anayeona mti wa kuzuia udongo umelegea akanyamaza ili asionekane mwoga, hana tofauti. Kukiri kosa tunakufundisha tangu ukiwa mtoto, kwenye kitubio. Sijui kwa nini tukifika kazini tunakusahau.

Geti la groto

Baada ya ile wiki ya kukosa raha nilimpigia simu yule kijana. Geti la groto letu lilikuwa limeng'oka, nikamwomba aje alitengeneze, tumlipe kidogo. Nafasi ya mkandarasi ilishapita, sitaki kudanganya kwamba mambo yaligeuka kama kwenye filamu. Alikuja saa tuliyopatana. Akachomelea, akapaka rangi, akalipwa, akaondoka.

Siku ya tatu namwona anaingia na vifaa vyake, hakuna aliyemwita. "Frateri, ile bawaba ya chini sikuridhika nayo. Nimekuja kuirudia." Akakwangua rangi, akairudia, hakudai hata mia.

Jioni ile niliketi kwenye kompyuta bila kuombwa na mtu. Niliandika: alipewa kazi ya geti, alifika kwa wakati, na siku ya tatu alirudi kwa hiari yake kurekebisha sehemu ambayo hakuna mwingine aliyeiona kuwa na kasoro. Hakuna neno "mwaminifu" ndani yake. Paroko alisaini bila kuvua miwani. Barua ile ameshaitumia mara tatu. Mara mbili hakuitwa, mara ya tatu fundi mmoja wa makarasha pale Katoro alimchukua kwa majaribio. Bado yupo.

Ukiitwa usaili fanya hivyohivyo. Wakikuuliza kama unaweza kufanya kazi na wenzako, usiwape sifa, wape tukio: ilikuwa lini, palikuwa na tatizo gani, wewe ulifanya nini, ikaishaje. Ukikosa tukio, basi umejua cha kufanyia kazi mwezi huu. Na matukio hayahitaji mgodi. Mweka hazina wetu wa vijana, binti wa kidato cha nne ambaye matokeo hayakumwendea vizuri, ana kaunta buku ambamo kila shilingi ya sare za kwaya imeandikwa, pamoja na mia mbili ya nauli ya kwenda kununua uzi. Nimeshika daftari lile mkononi. Mwenye duka yeyote angelitazama mara moja tu.

Tena, wewe uliyejifunza ufundi mtaani, kwa kushika spana za kaka yako, usijidharau. VETA wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unapimwa unachokiweza, ukifaulu unapata cheti. Nenda kwenye chuo chao kilicho karibu nawe ukaulize.

Viongozi wa vijana, nanyi nawaomba kitu. Acheni kuwagawia kazi walewale watatu kila sherehe. Mpeni mgeni ufunguo. Mpeni aliye kimya asimamie viti vya harusi, arudishe na hesabu. Akivunja viwili, mwone kama atasema.

Kwetu kigangoni tulianza Jumapili iliyofuata. Kila kikao, dakika ishirini za mwisho ni za usaili: wawili wanakaa mbele, mmoja bosi, mmoja mwombaji, wengine tunasikiliza na kucheka kidogo. Mweka hazina akaongeza na lake, daftari la mahudhurio lenye saa ya kufika, likae mlangoni, asisamehewe mtu. Nikaliunga mkono kwa sauti kubwa. Jumapili ya kwanza nilichelewa kutoka kwenye misa ya kigango cha jirani, nikaingia kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amekaa hukohuko na kalamu. Akatazama saa, akaandika: Frateri, dakika 25.