Mtoto Aulize Kwanza: Vyuo Vikuu na Watoto wa Kwa Sadala

Vyuo vikuu vinapokwenda shuleni kuwaonjesha watoto sayansi na teknolojia, mara nyingi hubeba vifaa: hadubini, kompyuta, roboti ndogo. Watoto hufurahi, picha hupigwa, gari huondoka. Vifaa vina kazi yake. Lakini ziara iliyolitangaza jina la mwanafunzi wa Tanzania katika fizikia ya dunia haikutegemea kifaa. Ilitegemea mhadhiri aliyekubali kuulizwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalichemshwa na sukari, yakaachwa yapoe, ndipo yakaingizwa kwenye friza. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi, aliyaweka yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, bado ni uji mzito. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akauliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo mmoja, friza moja, kwa nini ya moto yanatangulia kuganda? Wenzake wakamcheka. Osborne aliahidi kulijaribu jambo hilo, akarudi chuoni, likajaribiwa kweli, na mwaka 1969 makala ikachapishwa kwa majina yao wawili. Wakati huo Mpemba alikuwa hapa hapa kwetu Kilimanjaro, Chuo cha Wanyamapori Mweka.

Huenda mtu akapinga kwamba jambo lenyewe bado lina ubishi. Ni kweli. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walilipima upya Uingereza, wakaonyesha kuwa hata mahali kipimajoto kilipowekwa panaweza kugeuza matokeo. Hilo halimpunguzii Mpemba chochote. Swali la kijana wa sekondari liliwafanya wanasayansi wapime kwa uangalifu zaidi kwa zaidi ya nusu karne, na mtoto akielezwa hivyo anaijua sayansi jinsi ilivyo, wala si kama orodha ya majibu ya kukariri.

Hapa Kwa Sadala nako, kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha, maswali yamejaa. Kwa nini mkungu wa ndizi ukifunikwa pamoja na tunda lililoiva huiva upesi? Jibu lipo: tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huamsha mengine. Wachagga wa zamani walipimaje mteremko wa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, hata maji yatembee mbali bila kumomonyoa kingo? Na wa kuulizwa si wa mbali. Lyamungo utafiti wa kahawa umefanyika tangu 1934. Moshi mjini kuna Chuo Kikuu cha Ushirika na Chuo Kikuu cha Mwenge. Na Tengeru, kwenye barabara hii hii ya Arusha, ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia.

Pingamizi zito zaidi ni la wazazi: mtihani wa taifa hauulizi habari za mfongo, na siku ya wageni ni siku ya vipindi iliyopotea. Wana haki ya kuhofu. Mgeni akija mara moja, akahutubia kwa Kiingereza watoto wa msingi wanaosoma kwa Kiswahili, siku hiyo imepotea kweli. Ila mtoto aliyepima mwenyewe joto la maji kila dakika tano na kuchora grafu yake amejifunza jambo lililomo ndani ya silabasi, kwa kipimajoto, sufuria na saa. Kwa hiyo kamati ya shule ikiandika barua ya kukialika chuo, iambatanishe maswali ya watoto, iombe mazungumzo yawe kwa Kiswahili, na itake mambo mawili yaandikwe kabla ya ziara: tarehe ya wageni kurudi, na jina la atakayeleta majibu ya maswali yatakayowashinda wageni siku ya kwanza.