Akiba ya Chakula Ndani ya Gari

Mwezi wa Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi huko Somanga, wilaya ya Kilwa. Mimi, baba mdogo, na mama mdogo aliyekuwa akinyonyesha, tulikwama hapo garini siku mbili. Nyuma tulikuwa na kilo 10 za unga na ng'onda. Lakini sufuria hatuna, kuni zimelowa, na maji ni chupa moja. Ng'onda tulipoionja, kiu ikazidi. Maji tukamwachia mama mdogo, kwani mtoto alianza kulia kwa kukosa maziwa. Dereva mmoja wa lori, Mungu ambariki, alitugawia maji na tende.

Basi, maji ndiyo kwanza: lita 3 kwa kila mtu kwa siku. Watu watatu kwa siku mbili, ni lita 18. Kisha chakula kisichohitaji moto. Tende hustahimili joto la gari kwa sababu zina sukari nyingi na maji machache, hata vijidudu vya kuozesha haviwezi kusitawi humo. Karanga za kukaanga nazo ni nzuri, ila joto huharibu mafuta yake, na zikipata unyevu huota ukungu wenye sumu, yaani sumukuvu. Hizo zibadilishwe kila mwezi. Asiyesadiki na azinuse.

Sasa gari la baba mdogo lina dumu la lita 20 na kopo la tende. Kopo hilo mama mdogo amelitia kufuli, kwa ajili yangu.