Maji ya Kijani Kidimbwini: Yasome Kulingana na Msimu

Mfugaji wa samaki akiona maji ya kidimbwi yamegeuka kijani, asiharakishe kuyamwaga. Rangi hiyo hutokana na mwani wa kijani, mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho bila hadubini. Ngege huula mwani huu, na mchana mimea hiyo huongeza oksijeni majini. Kwa hivyo maji yenye ukijani wa wastani hupunguza gharama ya kununua chakula.

Elimu hii ni muhimu kwetu Kakamega. Tangu mwaka 2009, mpango wa serikali ya kitaifa wa kufufua uchumi ulipofadhili uchimbaji wa vidimbwi vya mita mraba 300, familia nyingi za magharibi mwa Kenya zimekuwa zikifuga ngege na kambare.

Mwani hubadilika na msimu

Mwani huhitaji mwanga, joto na mbolea. Kuanzia Desemba hadi Februari jua huwa kali na maji hupungua, hivyo mwani huweza kuongezeka haraka kupita kiasi. Mvua ndefu zikianza Machi, mawingu huzuia mwanga na maji ya mafuriko huingiza udongo. Mwani hupungua na maji huwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Hatari iko wapi?

Usiku mwani hautengenezi oksijeni, bali huitumia pamoja na samaki. Ukizidi, oksijeni huisha kuelekea alfajiri. Hali huwa mbaya zaidi mawingu yakitanda siku kadhaa au mwani mwingi ukifa kwa pamoja na kuoza. Mfugaji anaweza kupoteza mavuno ya miezi mingi kwa usiku mmoja.

Pima kwa mkono

Kila wiki, jua likiwa limepanda, zamisha mkono ulionyooka wima majini, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu, ukikitazama.

1. Kiganja kikitoweka maji yanapokaribia kiwiko: mwani unatosha.
2. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko: mwani ni haba. Ongeza samadi kidogo kidogo.
3. Kikitoweka mapema, kabla ya kiwiko kukaribia maji: mwani umezidi. Acha samadi, punguza chakula na uingize maji safi.

Msimu wa mvua, angalia rangi kwanza. Ikiwa maji ni ya udongo, kiganja kitatoweka ingawa mwani ni haba, na samadi haitasaidia kwa sababu mwanga haupiti. Chimba mtaro wa kukinga maji ya mafuriko na upande nyasi kwenye kingo.

Ukiwakuta samaki alfajiri wakihema juu ya maji, usiwalishe. Ingiza maji safi mara moja, yakianguka kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Utando mzito unaofanana na rangi ya kupaka nyumba ni jambo tofauti. Mara nyingi huwa ni bakteria za rangi ya kijani-buluu, kama zile zinazosumbua Ghuba ya Winam karibu na Kisumu. Baadhi hutoa sumu. Usiruhusu watoto wala mifugo kugusa au kunywa maji hayo.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa uvuvi katika kaunti ndogo yako kabla ya kununua mbolea au dawa yoyote ya kidimbwi.