Mwezi wa Noeli katika parokia

Mwezi wa kumi na mbili una siku 31. Lakini katika parokia moja kando ya ziwa Tanganika, upande wa Moba, watu husema siku hizo hazitoshi. Kengele hulia kabla jua halijatoka, na taa ya katekista huzimwa usiku sana.

Tarehe 1 ni sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite, sista wa shirika la Jamaa Takatifu. Alizaliwa Wamba mwaka 1939. Aliuawa Isiro mwaka 1964, kwa sababu alikataa kuvunja ahadi yake kwa Mungu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri kule Kinshasa, tarehe 15 ya mwezi wa nane, mwaka 1985. Siku yake Padri huvaa mavazi mekundu, rangi ya damu ya mashahidi.

Kisha kuna Majilio, wakati wa kungojea kuja kwa Bwana. Majilio yana siku nne za Mungu, na kila moja huwashwa mshumaa mmoja zaidi. Mavazi ya Padri ni ya zambarau, na wimbo wa Utukufu hauimbwi katika siku hizo za Mungu. Tarehe 8 ni sikukuu ya Bikira Maria, aliyekingiwa dhambi ya asili. Siku hiyo rangi ni nyeupe, nao waimbaji hufurahi kuimba Utukufu tena.

Kazi ni nyingi. Katekista anawafundisha wale watakaobatizwa. Wamama wanafagia kanisa na kusiriba kuta za nyumba ya wageni. Wavuvi nao wana siku zao. Mwezi ukiangaza sana, taa zao haziwavuti ndagala, basi hubaki kijijini. Siku hizo hupanda juu ya kanisa na kuziba matundu ya bati, maana ni wakati wa mvua.

Lakini wakati wa mvua ni wakati wa njaa pia. Mahindi mapya hayajakomaa, na ghala nyingi ziko karibu tupu. Ndiyo maana kila shirika la kijiji huandika majina ya wagonjwa na ya watu wasio na chakula. Siku ya Noeli, kila mmoja wao hupata unga na samaki.

Mwaka mmoja, wakristu wa shirika moja walikutana chini ya mwembe. Katekista aliyasoma majina yote, akauliza: « Hakuna aliyesahauliwa? » Wote walinyamaza. Ndipo mtoto mmoja wa darasa la nne akasema: « Mwalimu, yule nkambo wa ng'ambo ya mto hayumo. Juzi nilimwona akichimba mizizi porini. »

Mzee mmoja akajibu: « Mwanangu, yule mama haji tena kwenye shirika. Hatoi kitu, wala hasali pamoja nasi. Unga wenyewe ni kidogo. Tutawanyima wanaokuja, tumpe asiyekuja? »

Watu wengine walitikisa kichwa kumkubalia. Katekista hakumgombeza mzee. Alisema tu: « Kesho tutavuka mto, mimi nawe, Baba. Tukamwulize yeye mwenyewe. »

Asubuhi walimkuta mama yule mlangoni, akipepeta unga wa muhogo, konzi moja tu. Aliwakaribisha akawapa kigoda. Mzee akamwuliza sababu ya kuacha shirika. Mama akajibu pole pole: « Mume wangu alipokufa, mvua ilikuwa nyingi kama sasa. Nilituma mtu kuwaita. Hakuja hata mmoja wenu. Nilimzika pamoja na majirani wawili. »

Mzee aliinamisha kichwa. Alikumbuka kwamba alipata habari ile, akasema mto umejaa. Akasema: « Mama, tulikukosea. Utusamehe. » Waliporudi, yeye mwenyewe alimwomba katekista kuandika jina la mjane yule.

Usiku wa Noeli kanisa lilijaa. Kengele zililia, Utukufu ukaimbwa kwa ngoma na vigelegele. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na mto ulifurika. Mjane hakuweza kuja, wala hakuna aliyeweza kumpelekea fungu lake.

Tarehe 26 maji yalipungua. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatueleza kwamba wajane fulani walisahauliwa wakati wa kugawa chakula cha kila siku. Mitume wakawaambia wakristu wachague watu saba wa kuangalia kazi hiyo, na Stefano alikuwa mmoja wao. Padri alieleza habari hiyo katika mahubiri. Baada ya Misa mzee alijitwika unga, watoto wakabeba kuni na ndagala, wakavuka mto.

Mjane aliwapokea. Hakusema maneno mengi. Alipika bugali, wakala pamoja naye. Siku ya Mungu iliyofuata alikuja kanisani, akaketi nyuma karibu na mlango.

Wanafunzi, sikukuu haipimwi kwa nyimbo na mapambo tu. Angalieni kwanza ni nani hayupo, tena ulizeni kwa nini. Wazee husema: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maulizo

1. Kwa nini wavuvi hubaki kijijini mwezi unapoangaza sana?
2. Padri huvaa rangi gani tarehe 1, wakati wa Majilio, na tarehe 8?
3. Mzee alikuwa na sababu gani ya kumkataa mjane? Mjane alikuwa na sababu gani ya kuacha shirika?
4. Mtakatifu Stefano na wenzake walichaguliwa kwa kazi gani?
5. Katika kijiji chenu, ni nani anayeweza kusahauliwa wakati wa sikukuu?