Istilahi "Rejeleo Dhaifu" katika Kiswahili cha Kompyuta

Katika lugha za programu kama Java, kitu ambacho programu haiwezi tena kukifikia huzolewa kama taka ili nafasi katika kumbukumbu ipatikane. Mbinu hii ilibuniwa na John McCarthy takriban mwaka 1959 kwa ajili ya lugha ya Lisp. Rejeleo la kawaida hukizuia kitu kisizolewe. Rejeleo dhaifu, lililoingizwa katika Java 1.2 mwaka 1998, huonyesha kilipo bila kukizuia. Je, "dhaifu" ni istilahi faafu? Neno hili hudokeza kasoro, ilhali hapa udhaifu ndio faida: kisichohitajika hakiendelei kuijaza kumbukumbu. Istilahi "rejeleo lisilozuia" ni bora zaidi kwa kuwa hutaja kazi yenyewe. Muundaji istilahi hana budi kuielewa dhana kabla ya kulitafsiri neno.