SOMO: SHEIKH ABDULLA SALEH FARSY, KADHI ALIYEKUWA MWALIMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.



Wengi wenu mmekwisha kuushika Msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili uitwao Qurani Takatifu. Lakini ukimwuliza mwanafunzi aliyefasiri alikuwa nani na alifanya kazi gani, mara nyingi hupati jibu. Aliyefasiri alikuwa kadhi. Katika somo hili tutatazama maisha yake, kazi ya ukadhi, na yale yanayotuhusu sisi wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa.

KADHI NI NANI?

Kadhi ni hakimu anayehukumu kwa sheria ya Kiislamu. Msimchanganye na mufti. Mufti huulizwa, naye hutoa fatwa, yaani maelezo ya sheria. Kadhi huletewa watu wawili wanaogombana, husikiliza pande zote mbili na ushahidi wao, kisha hutoa hukumu, na hukumu hiyo hufuatwa.

Kazi hii ni nzito. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa makadhi ni wa namna tatu: mmoja ni wa Peponi na wawili ni wa Motoni. Wa Peponi ni yule aliyeijua haki na akahukumu kwayo. Wa Motoni ni yule aliyeijua haki akaipinda, na yule aliyehukumu watu kwa ujinga. Tazameni vizuri huyu wa tatu. Hakula rushwa wala hakumpendelea mtu. Kosa lake ni kukaa kwenye kiti asichokuwa na elimu yake.

MAISHA YAKE

Sheikh Abdulla Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Miongoni mwa waliomsomesha ni Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumeit. Alisoma chuoni na pia skuli ya serikali, akawa mwalimu. Tangu miaka ya 1930 hadi 1960 alisomesha, akakagua masomo ya dini katika maskuli, na akawa mwalimu mkuu.

Mwaka 1960 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Zanzibar, kiti ambacho mwalimu wake, Sayyid Omar, alipata kukikalia kabla yake. Alikuwa bado kadhi yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964, na aliendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1967. Kisha alikwenda Kenya. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo baada ya Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, akabaki na wadhifa huo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki dunia Oman mwaka 1982. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tafsiri yake kamili ya Qurani ilitolewa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969. Kabla yake zilikwisha tolewa tafsiri mbili kamili za Kiswahili: ya Kasisi Godfrey Dale mwaka 1923, na ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1953. Masheikh wetu waliona hatari ya Waislamu kuisoma Qurani yao kwa maelezo ya watu wengine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, aliianza kazi hiyo ya kufasiri, naye Sheikh Farsy akafika mwisho wa Msahafu.

Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Yeye alikuwa mkali katika mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, na alitofautiana na masheikh wengine waziwazi. Pamoja na hayo, katika kitabu hicho aliandika elimu na kazi za wanavyuoni ambao njia zao hakukubaliana nazo zote. Hiyo ndiyo tabia ya kadhi: kutofautiana na mtu hakukupi ruhusa ya kuificha haki yake.

YANATUHUSU NINI SISI?

Huenda mwanafunzi akasema: Hayo ni ya Unguja na Mombasa. Ni kweli kwamba Zanzibar ina mahakama za kadhi zilizo katika sheria, na Kenya nayo inazo kwa ndoa, talaka na mirathi za Waislamu. Huku Tanzania Bara hatuna mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola. Masheikh wetu husuluhisha na kunasihi, lakini hukumu yenye nguvu hutolewa na mahakama za serikali, kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ambayo inaruhusiwa kutumia sheria ya Kiislamu katika mirathi ya Mwislamu.

Kwa hiyo hapa kwetu haki ya mjane na yatima hutegemea zaidi elimu ya familia yenyewe. Familia isiyojua fungu lake haitajua hata kulidai.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki akaacha shamba la kahawa lenye miche 800 inayolingana, mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Wazazi wake walikwisha fariki. Ana ndugu wa kiume ambaye anataka kulichukua shamba kwa kuwa ni la ukoo.

Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, na mahari ambayo mke hajalipwa ni deni. Kisha wasia, usiozidi theluthi moja. Tuseme vyote hivyo vimekwisha, na miche 800 imebaki. Tukifuata Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12:

Mke: thumni (1/8), miche 100.
Inabaki miche 700, mafungu matano.
Kila mtoto wa kiume: mafungu mawili, miche 280.
Mtoto wa kike: fungu moja, miche 140.
Ndugu wa marehemu: hapati, kwa kuwa amezuiwa na watoto wa kiume.

Jumlisheni wenyewe: 100 + 280 + 280 + 140 = 800.

Hesabu hii haibadiliki ikiwa mali ni mtumbwi na nyavu kule Mbamba Bay. Wala haimruhusu mtu kumtoa mjane mikono mitupu baada ya arobaini.

MAFUNZO

1. Elimu kabla ya cheo. Sheikh Farsy alisomesha karibu miaka thelathini kabla ya kuwa kadhi.
2. Sikiliza pande zote mbili. Mtume (S.A.W.) alimwagiza Sayyidna Ali, alipompeleka Yemen, asihukumu mpaka amsikilize na wa pili. Kiranja wa darasa naye afanye hivyo.
3. Usihukumu ukiwa na hasira.
4. Anayeshinda kesi kwa ufasaha wa ulimi huku akijua si haki yake, amejichukulia kipande cha Moto, hata kama kadhi amempa.
5. Wazazi, andikeni madeni na wasia wenu mkiwa hai.

MASWALI

1. Eleza tofauti ya kadhi na mufti.
2. Taja makadhi watatu na mwisho wa kila mmoja.
3. Rudia mfano wa shamba ikiwa marehemu aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Ndugu wa marehemu atapata nini? Fanyeni pamoja na wazazi nyumbani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampe Sheikh wetu malipo mema, na atujaalie tuwe watu wa kutimiza haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu.

Wabillahi tawfiq.